Nimeacha dawati la Dar, niko Tukuyu

Mama aliniuliza mara tatu siku niliyofika. Mara ya kwanza bado nashusha mabegi kwenye bajaji. "Mwanangu, niambie kweli. Wamekufukuza?"

Hakuna aliyenifukuza. Niliandika barua mwenyewe, nikatoa notisi ya mwezi mmoja, nikakabidhi kompyuta na kitambulisho, nikapanda basi Mbezi alfajiri. Kwa miaka tisa nilikuwa kwenye gazeti ambalo ukilitaja jina lake getini, mlinzi anakufungulia kabla hujamaliza kujieleza. Miaka minne ya mwisho nilikaa dawati la habari za mikoani. Sasa ni mhariri mkuu wa redio ya kijamii hapa Tukuyu, mkoani Mbeya: vyumba vitatu, vijana sita, jenereta moja. Mshahara umepungua karibu nusu. Nalisema hilo waziwazi maana watu wananiuliza kwa kuzungukazunguka.

Niliondoka kwa sababu ya gunia la viazi.

Korespondenti wetu wa Mbeya alituma habari ndefu kuhusu lumbesa kule Isyonje, pale barabara ya kwenda Kitulo inapochepuka. Kwa asiyejua: gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini likishajaa, linaongezewa kipande kingine juu, kinashonwa kwa kamba, viazi vinapandishwa mpaka gunia linaota kichwa. Mkulima analipwa gunia moja. Yule kijana alilala huko siku mbili kwa nauli yake, maana korespondenti hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa ile aliyoihangaikia. Usiku likaingia tangazo, ukurasa ukabana, nikaikata habari yake zikabaki aya tatu. Nilichofuta ni maneno ya mama mmoja mkulima. Nilichobakiza ni kauli ya ofisa.

Asubuhi alinipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Dada, yule mama nikamwambie nini?"

Mimi nimesomeshwa kwa viazi. Mama yangu amejaza magunia yale yale, na nilikuwa nashika mdomo wa gunia yeye akishona. Sikuwa na la kumjibu yule kijana, na swali lake lilikaa na mimi zaidi ya mwaka.

Basi likipita Nyololo, mkoani Iringa, huwa siwezi kulala. Hapo ndipo Daudi Mwangosi alipouawa tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uandishi. Darasani tulilia, kisha wengi wetu tukaenda kutafuta kazi Dar. Safari hii, kilometa zaidi ya 800 kutoka Dar hadi Mbeya, nilimwaza yeye, nikawawaza wote wanaobaki huku na rekoda zao, bila bima, bila gari, bila jina kubwa la kuwakinga.

Wiki ya kwanza nilisikiliza taarifa zetu za habari za mwezi mzima uliopita. Karibu zote zilianza na kiongozi "amewataka wananchi". Sikuwalaumu vijana. Gari la kuwapeleka kwenye tukio ni la halmashauri, posho ni ya mwenye hafla, na chakula ni chake. Utamuulizaje swali gumu mtu ambaye bila yeye huwezi kurudi nyumbani? Nikaomba kitu kimoja tu kwa bodi: hela ya nauli. Si nyingi, ni ya daladala na bodaboda, lakini iwe yetu.

Nauli ya kwanza ilikwenda Isyonje. Binti yetu mmoja aliazima dukani mizani ya kuning'iniza, wakatundika gunia, mshale ukapita 100 ukaendelea kupanda. Bibi mmoja aliongea Kinyakyusa mwanzo mwisho, na kwa kuwa masharti ya utangazaji yanatutaka Kiswahili, binti alitafsiri. Ila nilimwambia aiache sauti ya bibi isikike kwanza sekunde chache, ile pumzi yake kabla hajaanza. Tukairusha saa moja asubuhi.

Saa tatu mnunuzi wa viazi alikuwa amekaa kwenye benchi letu la nje, buti zimejaa tope, ananisubiri. Dar mtu akilalamika inakuja barua ya wakili, unaipeleka kitengo cha sheria, unaendelea na chai. Huyu nilimkaribisha ndani.

"Mhariri, mmenitangaza mwizi. Mbona hamkuniuliza?"

Kweli hatukumuuliza. Akanieleza: lori linamtoza kwa gunia, wapakiaji wanamtoza kwa gunia, ushuru anakatwa kwa gunia, na sokoni mjini mteja anataka gunia lenye kichwa, lisipokuwa nacho anahamia kwa jirani. Akifunga kilo 100 peke yake, mtaji unakatika. Haikumfanya kuwa na haki mbele ya yule bibi, na nilimwambia hivyo usoni. Lakini habari yetu ilikuwa nusu, na kosa lilikuwa langu kwa sababu mimi ndiye niliyeipitisha.

Kesho yake nilisema hivyo hewani kwa sauti yangu, kisha tukampa nafasi. Simu ziliita mpaka kipindi kikapitiliza muda. Mkulima wa Ndaga akauliza kwa nini ushuru usitozwe kwa kilo. Swali hilo tumelipeleka halmashauri kwa maandishi, na kila Ijumaa tunawaambia wasikilizaji kama limejibiwa. Leo bado.

Cheo hiki kina uzito ambao sikuujua. Kule jina la gazeti lilikuwa linatangulia mbele yangu. Hapa nikienda sokoni kununua ndizi, mwenye ndizi alinisikia asubuhi na ana la kuniambia.

Wiki iliyopita nilimpigia yule korespondenti. Nilimwomba radhi kwa zile aya. Alikaa kimya kidogo, mvua ikawa inapiga bati upande wangu, kisha akasema yule mama bado analima palepale, na Jumamosi anaweza kunipeleka. Nimemwambia nitakuja na rekoda mwenyewe.