Kumbukumbu ya mradi: kanga iliyohama ukurasa

Jumamosi. Orodha yangu ya majina ya kanga imefika 614, yote nikiwa nimeyanakili kwa mkono kutoka kwenye kanga za mama, shangazi na majirani. Leo nimeihamisha kutoka hifadhidata ya SQLite kwenda ile ya PostgreSQL, na kwa kuwa ninaandika kwa Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, wala sigusi SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, moja kwa moja, sikutarajia zaidi ya kubadili mistari michache ya mipangilio. Uhamisho wenyewe ulikwenda salama. Baadaye nikasahihisha herufi moja katika “Wema hauozi”, kanga ya 23, kisha nikafungua ukurasa wa kwanza nikaikuta haipo: imekwenda kukaa mwisho kabisa wa orodha.

Jumapili. Asubuhi nzima niliushuku msimbo wangu bure. Alasiri nilichapisha SQL ambayo Django huitunga kutokana na Kanga.objects.all(), yaani “nipe kanga zote”, nikaona kwamba haina ORDER BY, agizo la kupanga matokeo. SQL haiahidi mpangilio wowote pasipo agizo hilo, na hifadhidata ina ruhusa ya kuleta safu (mistari ya jedwali) kwa njia iliyo nyepesi kwake. PostgreSQL inaposahihisha safu haiandiki juu ya ile ya zamani, bali huweka toleo jipya mahali palipo na nafasi na kuliacha la zamani lisubiri kusafishwa, kwa hiyo anayelipitia jedwali tangu mwanzo hukutana na kanga iliyosahihishwa pale toleo jipya lilipoangukia. SQLite ilinificha jambo hili kwa miezi mingi, kwa sababu jedwali lake lenye ufunguo msingi (kitambulisho cha kila safu) wa namba kamili huhifadhiwa katika mti uliopangwa kwa ufunguo huohuo. Matokeo yangu yalinyooka kwa hisani ya muundo wake, nami nikajipa sifa.

Jumatatu usiku. Dawa yenyewe ni fupi: order_by('pk'), au order_by('-pk') nikitaka za karibuni zitangulie. Neno pk ni lakabu ambayo Django huielekeza kwenye ufunguo msingi wa modeli yoyote (maelezo ya jedwali ndani ya Django), hata kama safuwima yake haiitwi id, na kwa hiyo kitendakazi kimoja kinanitosha kwa kanga na kwa wachangiaji. Ningeweza kuuandika mpangilio huo mara moja katika Meta.ordering, mpangilio wa kudumu wa modeli, lakini sikupenda kila ombi libebeshwe kazi ya kupanga hata pale ambapo haihitajiki.

Kilichoniudhi zaidi ni majaribio yangu ya kukagua msimbo, ambayo yalikuwa yamepita yote. Yalitumia first(), inayoleta safu ya kwanza, na first() ikikuta matokeo hayana mpangilio huyapanga yenyewe kwa ufunguo msingi, kwa hiyo jaribio liliona utaratibu ambao ukurasa haukuwa nao. Isitoshe, kigawanya kurasa cha Django kilikuwa kikitoa onyo la UnorderedObjectListWarning, yaani orodha haina mpangilio, kila nilipofungua orodha, nami nikalipita kama mtu apitaye kibao cha “Usikojoe hapa”.

Jumatano. Nimerekebisha pia orodha inayopangwa kwa mwaka. Kanga nyingi zina mwaka mmoja, na zinapolingana hivyo hifadhidata iko huru kuzichanganya, hata kanga moja ikaweza kuonekana ukurasa wa pili na wa tatu huku nyingine ikikosekana kabisa. Sasa naandika order_by('mwaka', 'pk'), ufunguo msingi ukiwa mwamuzi wa mwisho, maana haujirudii.

Imebaki modeli ya wachangiaji, ambayo kwa ujuaji wangu wa mwanzoni niliipa ufunguo wa maandishi: K1, K2, hadi K31. Ukiipanga kwa pk, K10 hutangulia K2, kwa kuwa maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi. Jumamosi ijayo nitazibadili ziwe K001 na kuendelea, pamoja na kila kanga inayozirejelea.