Dawa ya kaboni husafisha pale inapopita tu

Kabla hujanunua chupa ya dawa ya kusafisha injini, fungua boneti, toa kava la plastiki, utafute nozeli za kupulizia petroli (injekta) zilipo. Kama zimechomekwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, petroli hupulizwa mgongoni mwa valvu kabla ya kuingia ndani ya silinda. Dawa uliyomimina kwenye tangi itapita hapohapo, na valvu itaoshwa kadiri unavyoendesha.

Injini nyingi za siku hizi haziko hivyo. Zile zilizoandikwa GDI, FSI au D-4, na nyingi za TSI, zina nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye hizo petroli haipiti mgongoni mwa valvu ya kuingiza, kwa hiyo hata ukimimina chupa kumi, ukoko wa kaboni uliopo pale utabaki vilevile. Dawa itasafisha ncha za nozeli na kichwa cha pistoni, basi. D-4S ya Toyota ni tofauti kwa sababu ina seti mbili za nozeli, moja kwenye njia ya hewa na nyingine ndani ya silinda, hivyo valvu zake hupata kuoshwa.

Ukoko huo unaletwa zaidi na mvuke wa oili. Mvuke unaotoka chini ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Ukikutana na valvu yenye moto hugandia pale, masizi yanayorudishwa na valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) yakajibandika juu yake, na tabaka likaongezeka. Safari fupifupi zinazoisha kabla injini haijapata moto sawasawa huharakisha mambo. Vua manifoldi ya GDI iliyotembea sana bila kusafishwa, umulike ndani kwa tochi: shina la valvu, ambalo lilipaswa kuwa jembamba na laini, limevimba kwa kitu cheusi chenye vinundu. Ukikwangua kwa bisibisi, juu ni pakavu na panamong'onyoka. Chini, karibu na chuma, bado pana unyevu wa oili.

Dawa za tangini hazifanani. Soma kibandiko utafute PEA, yaani polietha amini. Hiyo ndiyo ninayoiamini, maana inastahimili joto la ndani ya silinda na kulainisha kaboni iliyo juu ya pistoni. Ile ya PIBA, yaani poliisobutilini amini, husafisha vizuri nozeli na valvu, lakini kwenye chemba ya kuchomea ni dhaifu, na ikizidi inaweza hata kuongeza uchafu humo. Chupa isiyotaja kabisa kilichomo iache dukani.

Subiri tangi likaribie kuisha. Mimina dawa kwanza, halafu jaza petroli, ili ile nguvu ya petroli inayoingia iichanganye. Kipimo kifuate lita utakazokuwa nazo: kama chupa ya mililita 300 imeandikwa inatosha lita 60, basi kila lita inataka mililita 5, na tangi la lita 40 linataka mililita 200. Usizidishe. Dawa isiyoungua hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, na PIBA ikizidi huacha utando unaonata kwenye mashina ya valvu, zikawa nzito asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukishajaza, usiishie kwenye foleni. Toka barabara ndefu, injini ikiwa imepata moto, uiendeshe kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,500 kwa dakika, kwa nusu saa au zaidi. Maliza karibu tangi lote kabla ya kuongeza mafuta. Wakati mzuri ni tangi la mwisho kabla ya kumwaga oili, ili kilichoshuka kitoke nayo.

Dawa ya petroli isitiwe kwenye dizeli, wala ya dizeli kwenye petroli.

Kwa injini ya GDI kuna dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, na hii inataka uangalifu zaidi. Injini iwe ya moto na inanguruma. Ingiza mrija baada ya sensa ya hewa, upande wa injini, usiipulizie sensa yenyewe, na kama kuna turbo, pulizia baada ya intakula (kipoza hewa ya turbo), si kabla ya turbo. Shikilia mizunguko kama 2,000, kisha puliza kidogokidogo, sekunde moja au mbili, uache injini itulie ndipo urudie. Ukipuliza mfululizo, dawa hukusanyika kwenye bonde la manifoldi na kuingia silindani ikiwa maji. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, koneksheni rodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Ukimaliza zima, iache iloweke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, kisha uende safari.

Hiyo hutoa tabaka laini. Ukoko uliokomaa hautoki kwa mkebe. Hapo fundi anavua manifoldi, anazungusha injini hadi valvu za silinda husika zifunge kabisa, kisha anazipiga kwa hewa yenye maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa huku mashine ikivuta vumbi. Valvu ikiwa wazi hata kidogo, maganda yanaingia ndani, kwa hiyo kila silinda inakaguliwa kabla ya kuguswa.

Gari kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka sawasawa, si lazima iwe kaboni. Plagi iliyochoka, koili, au mpira unaovuta hewa kwa pembeni huleta dalili zilezile. Anza na hivyo. Plagi yenye masizi makavu inaonyesha petroli imezidi. Iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu, na hakuna dawa ya tangini itakayorudisha chuma kilicholika.

Njia ya uhakika ya kujua kama dawa imefanya kazi ni mashine ya kusoma injini. Kabla ya kuitia, andika asilimia ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (LTFT), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Nozeli zikiwa zimeziba, kompyuta huongeza petroli na namba hupanda, tuseme +12. Soma tena tangi likiisha: ikishuka kuelekea sifuri, zimeanza kufunguka. Ikiwa palepale baada ya matangi mawili, na umehakikisha hakuna hewa inayovuja wala presha ya mafuta haijashuka, toa nozeli zikapimwe mezani.