Kituo cha upepo, Bwiru: poti 8080 ilikuwa inakwenda kwa kamera

Nimeipata sababu ya ukurasa wangu wa upepo kugoma kufunguka kutoka nje. Wiki tatu nimeilaumu kebo, kadi ya kumbukumbu, hata mvua, na leo nimeipata. Jibu lenyewe limenitisha kuliko tatizo.

Kwa waliopitwa: kipimaupepo kiko juu ya paa, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja) inahesabu mizunguko na kuandika kasi kwenye ukurasa mdogo, na mjomba wangu kule Kayenze anaufungua kwa simu kabla ya kushusha mtumbwi majini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi haziwavuti vizuri. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake, na siku hizo hasa ndizo ukurasa ulikuwa unagoma.

Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine ukurasa ulifunguka, mara nyingine haukufunguka. Ndani ya nyumba ulifunguka siku zote. Anwani ya nje niliikagua mapema: haikuwa kwenye lile fungu la 100.64.0.0/10 la watoa huduma wanaowabebesha wateja wengi anwani moja, kwa hiyo poti, yaani mlango wenye namba ambao ruta huwafungulia walio nje, ilikuwa na haki ya kufunguka. Skripti yangu inaomba poti 8080 kwa UPnP, njia ya vifaa vya ndani kuiomba ruta iwafungulie poti, kila Pi inapowaka. Nikawa na hakika kwamba kosa haliko kwenye ruta.

Kisha mjomba akapiga simu: "Mjomba, ule ukurasa wako leo unaniuliza jina na neno la siri."

Nikamwambia amebonyeza pengine. Ukurasa wangu hauna neno la siri. Nimeshamwomba radhi, maana jibu lote lilikuwa kwenye sentensi ile na mimi nikaipuuza siku tisa nzima.

Jana usiku nikazima waifai kwenye simu, nikatumia bando, nikafungua anwani yangu mwenyewe kutoka nje. Ukatokea ukurasa wa kuingilia kwenye kinasa picha cha kamera za uani. Kinasa changu! Kinaonekana na dunia nzima.

Nikaandika `upnpc -l`, amri ya kuiuliza ruta orodha ya poti zilizofunguliwa, na mstari ukatokea: 8080 inaelekea 192.168.1.7, poti 80. Hiyo ndiyo anwani Pi iliyokuwa nayo ilipofunguliwa poti, lakini sasa hivi anwani yake inaishia .12. Nani ni .7? Kinasa.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Programu inapaza sauti mtandaoni kwa 239.255.255.250, poti 1900, ruta inaitika, programu inaomba kufunguliwa poti. Hakuna neno la siri, hakuna anayeulizwa. Ombi linaweza kubeba muda kwa sekunde, na sifuri maana yake ni bila kikomo. Ruta yangu haikubali muda wowote isipokuwa sifuri. Ukiipa sekunde 3600 inajibu kosa 725. Kwa hiyo kila kinachofunguliwa hubaki, na kwenye ruta hii hubaki hata ikizimwa, kwa sababu inaandika orodha hiyo kwenye kumbukumbu ya kudumu. Lakini orodha ya nani alipewa anwani gani haiandiki! Umeme ukirudi, kinasa kinaamka haraka kuliko Pi, kinaomba anwani, kinapewa .7. Pi inaamka nyuma yake, inapewa .12, inaomba 8080, inajibiwa kosa 718: poti hii ina mwenyewe. Na skripti yangu ilikuwa haisomi jibu.

Poti hufunguliwa kwa namba ya anwani. Kifaa kikihama, poti haihami nacho. Nimelijua hilo miaka mingi na sikuwahi kufikiria maana yake hadi nilipoona kamera zangu mwenyewe kutoka nje.

Neno la siri la kinasa nililibadilisha siku ya kwanza kukifunga. Namshukuru Mungu.

Kilichoniudhi zaidi: ukurasa wa mipangilio wa ruta hii una kisanduku kimoja tu cha kuwasha na kuzima UPnP. Orodha ya poti zilizofunguliwa haipo popote. Mtu asiyejua upnpc ataijuaje? Mwaka 2013 Rapid7, kampuni ya usalama wa mitandao, walitoa ripoti kwamba anwani zaidi ya milioni 80 zilijibu maulizo ya UPnP kutoka intaneti. Yangu nimeijaribu kutoka nje, haijibu. Ila kwa ndani inamkubalia yeyote: kutoka kwenye Pi niliandika `upnpc -d 8080 TCP`, amri ya kufuta, na ruta ikafuta mstari ulioelekea kwa kifaa kingine, bila swali.

Nikazima UPnP kabisa. Haikupita saa moja, mpwa wangu: "Anko, mbona mchezo haunganishi?"

Basi nimeitoa kabatini ruta ya zamani yenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta), nikaipa kazi ya lango, yaani kugawa anwani na kufungua poti. Ya mwanzo imebaki daraja tu la kupitisha intaneti. Hapo ndani miniupnpd, programu inayopokea maombi ya poti, ni chombo cha kweli: `secure_mode` inazuia kifaa kuomba poti kwa anwani isiyo yake, na kanuni zinasema nani anaruhusiwa poti zipi. Mpwa ana zake. Kinasa hakina hata moja. Pi nimeifungia anwani moja ya kudumu, na inaomba kwa NAT-PMP, njia nyingine ya kuomba poti, badala ya UPnP, maana huko muda ni sehemu ya ombi tangu mwanzo. RFC 6886, waraka wa kanuni za NAT-PMP, inapendekeza sekunde 7200, na mteja anaomba upya nusu ya muda ikifika. Pi ikifa, ndani ya saa mbili poti inajifunga. Nimechomoa waya na kukaa na saa mkononi. Imejifunga kweli, na nimefurahi kama siku ile kipimaupepo kilipozunguka mara ya kwanza.

Kipimamvua nilichoahidi mwezi huu kinasubiri. Wakati nasoma haya nimejiuliza kwa nini nifungue poti kabisa, wakati Pi inaweza kutoka yenyewe kwa WireGuard, njia ya siri inayolindwa kwa funguo, kwenda seva ndogo ya kukodi, ikituma ishara ndogo kila sekunde 25 ili njia isifungwe, na mjomba akasoma huko. Funguo nimeshazitengeneza. Giza linaanza wiki ijayo, na nataka mjomba aijaribu kabla ya hapo.