Milioni 41 Zisizo Zetu

Mapema 2025, muda mfupi baada ya Rais Trump kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, bodi ya asasi yetu ndogo wilayani Muheza ilikaa kikao cha dharura. Fedha za Marekani hazikutufikia moja kwa moja. Zilipitia shirika kubwa la Dar es Salaam, nalo lilikuwa limetuandikia tusimamishe kazi zote. Wahudumu wanaowatembelea wagonjwa majumbani walikuwa wameshaambiwa wasitoke.

Mimi ndiye mhasibu. Niliwagawia wajumbe taarifa ya benki na hesabu zilizokaguliwa, kuanzia 2021. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alivaa miwani, akaweka kidole kwenye salio.

"Mwanangu, si hizi hapa milioni 41? Hofu ya nini?"

"Mwalimu, hizo ni za mradi. Kila shilingi ina kifungu chake kwenye bajeti, na sasa hata kuzigusa haturuhusiwi. Zetu wenyewe ni milioni tatu na ushee."

Umeme, mlinzi na mishahara ya watu wa ofisini peke yake ilikuwa inakula milioni mbili na nusu kwa mwezi.

Nikawafungulia ukurasa wa 2021. Mwaka ule tulikuwa na wafadhili watatu, wanachama walilipa ada, na ukumbi wetu ulikodishwa kwa harusi karibu kila wikiendi. Mradi mkubwa ulipokuja, ukumbi ukageuzwa stoo ya maboksi yake, na ada hakuna aliyezifuatilia tena. Kufika 2024, karibu shilingi 90 katika kila 100 zilitoka mfuko mmoja. Mapato yalipanda mara tatu. Akiba ikabaki palepale. Mtaani wanaamini wenye asasi wanakula hela. Ukweli ni kwamba kinachobaki mradi ukiisha hurudishwa, na fungu la uendeshaji tulilopewa halikutosha hata kumlipa mkaguzi.

Mweka hazina, mama anayeuza vitenge sokoni, alisikiliza yote kisha akauliza: "Na NSSF ya hawa vijana mwezi huu?"

Michango hiyo ya hifadhi ya jamii haimsubiri mfadhili. Tukakubaliana ilipwe kwanza pamoja na mishahara, maboksi yahamishwe, ukumbi ukodishwe tena.

Siku hizi taarifa yangu ya kila robo mwaka huanza na fedha zisizo na masharti, na miezi tunayoweza kujiendesha kwazo. Salio la benki huja ukurasa wa pili.