Namba ya Mtihani

Jumamosi moja mwaka 2019 nilishinda kutwa kwenye ghorofa ya sita ya jengo moja pale Posta, Dar es Salaam, nikichambua maombi ya kazi ya vijana ambao wengi wao walikuwa rika moja na mdogo wangu. Benki niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa inatafuta vijana sita wa kuanzia idara ya mikopo. Maombi yaliyoletwa yalipita mia saba. Yalikuwa kwenye bahasha za kaki, zimejazwa kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi, na maboksi yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha.

Tulikuwa wawili. Mimi nilitoka idara ya mikopo, mwaka wangu wa tatu kazini. Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Rasilimali Watu, mtu makini, aliyekuja na chai yake ya tangawizi kwenye chupa. Kazi ilikuwa rahisi: mimi nafungua bahasha na kusoma, yeye anaingiza kwenye kompyuta. Masharti yalibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Kidato cha nne, Division One au Two, yaani madaraja mawili ya juu. Hisabati isipungue C. Kidato cha sita, Division One au Two. Chuo, GPA, yaani wastani wa alama, kuanzia 3.5. Anayekosa moja tu kati ya hayo, bahasha yake inaingia kwenye boksi lililoandikwa HAPANA kwa maka peni nyekundu.

Masaa mawili ya kwanza niliipenda kazi ile. Mimi mwenyewe nilipata Division One ya pointi 13, na nyumbani kwetu cheti kile kiliwekwa kwenye fremu sebuleni, jirani na picha ya harusi ya wazazi. Nilikua nikiamini kwamba pointi zile ni mimi. Kwa hiyo nilipokuwa nasema "Division Three, hapana," sauti yangu haikutetereka.

Mambo yalianza kukwama kwenye vyeti vya kidato cha sita vya mwaka 2015. Mwaka ule Baraza la Mitihani lilikuwa limeacha Division na kutumia GPA, na cheti kikawa kinasema Distinction, Merit, Credit au Pass. Muda si mrefu Division zikarudishwa. Sasa kolamu yetu inataka Division, na cheti mkononi kinasema Merit.

"Tuiandike Division Two?" dada aliniuliza.

"Tuiandike," nilijibu. Tukaiandika. Mtu mmoja akapita kwa sababu watu wawili wamekubaliana hivyo saa nne asubuhi.

Ndipo nikagundua kitu ambacho kingetakiwa kunijia mapema zaidi. Aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2015 alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Na mwaka 2012 sisi nyumbani tunaujua.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliofanya mtihani ule. Matokeo yalitoka Februari 2013, na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wa nchi nzima walipata sifuri. Nakumbuka mama alivyoizima redio, akakaa kimya na mwiko mkononi, wakati mdogo wangu yuko uani anajifanya anafua viatu. Alikuwa amepata sifuri. Majirani walikuja kutupa pole kama vile kuna msiba. Yeye akahamia kwa mjomba Tandika ili asionane na wenzake. Serikali ikaunda tume, na Mei ya mwaka uleule ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya, kwa maelezo kwamba utaratibu wa kupanga alama ulibadilishwa bila kuandaliwa vizuri. Yalipotoka tena, mdogo wangu alikuwa na Division Four. Hakurudia mtihani, hakuandika neno jipya hata moja. Karatasi zilikuwa zilezile alizoziandika mwaka 2012. Lakini ile miezi mitatu ya kuitwa sifuri ilishafanya kazi yake. Aliingia chuo cha ufundi cha VETA akasomea umeme, ni fundi mzuri sana, na sijawahi kumsikia akizungumzia shule tangu siku ile.

Nilikuwa bado nalifikiria hilo nilipofungua bahasha moja nene kuliko zingine.

Mwombaji alikuwa msichana wa Mbagala. Vyeti vyake vya sekondari vilikuwa vitatu, vimebanwa pamoja. Cha kwanza kina namba ya mtihani inayoanza na S, yaani mwanafunzi wa shule: 2012, Division Four, Hisabati F. Viwili vilivyofuata vina namba inayoanza na P, mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa amerisiti, yaani amerudia mtihani. Hisabati D mwaka 2013. Hisabati C mwaka 2014. Kidato cha sita hakusoma kabisa. Alianzia ngazi ya cheti chuoni, akapanda stashahada, akamaliza shahada ya uhasibu kwa GPA ya 4.1. Juu ya hapo alikuwa ameshafaulu masomo manne ya NBAA, bodi ya wahasibu, mitihani ambayo nawajua watu wazima wenye magari yao wanairudia mwaka hadi mwaka.

Barua yake ilikuwa fupi. Aliandika kwamba tangu 2014 ni wakala wa pesa kwa simu pale Rangi Tatu, na kwamba shoti kubwa, yaani upungufu wa pesa, aliyowahi kupata ni shilingi 40,000, mwaka wa kwanza, alipotuma kwenye namba isiyo yake, na alilipa mwenyewe. Halafu alikuwa ameambatanisha kitu ambacho hakuna mwombaji mwingine alikileta: fotokopi ya ukurasa mmoja wa daftari lake. Mistari imechorwa kwa rula. Tarehe, kashi ya mkononi, floti ya kwenye simu, jumla. Kashi inapanda, floti inashuka. Kesho yake floti inapanda, kashi inashuka. Jumla kila jioni inarudi 1,200,000 ileile. Mstari mmoja tu ulikuwa na 1,198,000, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: "2,000 ya mzee wa mkaa, ataleta kesho." Mstari wa chini yake, 1,200,000.

Niliutazama ukurasa ule muda mrefu mpaka dada akaniuliza kama nimelala.

"Huyu hatumtoi," nilimwambia.

Alisoma. Alisoma vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kidato cha nne Four, cha sita hana. Na tukimwingiza huyu, wale mia mbili tuliowatoa tangu asubuhi tutawaambia nini? Labda na wao wana madaftari, hawakujua tu kwamba yanaletwa."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Lakini nilikuwa na swali. Mwenye duka la vipodozi Kariakoo akija kuomba milioni ishirini, sisi tunamuuliza alipata nini kidato cha nne? Hatumuulizi. Tunaomba daftari lake la mauzo na taarifa zake za benki za miezi sita, kisha tunakwenda kuangalia stoo. Tunakabidhi milioni ishirini kwa ushahidi wa daftari. Iweje mwenye daftari lilelile akija kuomba kiti cha kupimia madaftari ya wenzake, tumgeukie alama alizopata akiwa na miaka kumi na saba?

Saa nane mchana bosi wetu wa idara alikuja kuangalia tulipofika. Tulimwita Mzee ingawa hakuwa mzee. Nilimpa ile bahasha nikiwa nimesimama. Nikamweleza habari za 2012, nikamweleza na habari za mdogo wangu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu ofisini. Nikamwambia pia kwamba hata Uingereza, kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Ernst & Young ilishaondoa sharti la alama za shule mwaka 2015 ili wapime watu kwa mitihani yao wenyewe.

"Na New York kuna benki zinauliza SAT," alinijibu. "Mtihani wa kuingilia chuo, wa mtoto wa miaka kumi na saba. Usiniletee mifano ya upande mmoja."

"SAT mtu akiirudia anajaza ile alama kubwa, Mzee. Hakuna anayemwandikia P."

Alinyamaza. Halafu akatoa simu yake, akanionyesha ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa fulani ameomba, naomba umwangalie. Kijana wangu ameleta barua, jina lake hili hapa. Kwenye pochi alikuwa na vimemo vya karatasi pia, viwili vikiwa na nembo juu. Vyote pamoja vilikuwa kumi na moja.

"Unajua hawa nawajibu nini?" aliniuliza. "Nawajibu, kijana hana Division. Basi. Hakuna mtu anayeweza kubishana na cheti. Ukiniondolea hilo, hawa kumi na mmoja wanaingia, na huyo binti yako wa Mbagala harudi hata kwenye foleni. Alama ndiyo silaha pekee aliyonayo mtoto asiye na mjomba."

Nimekaa na maneno yale miaka yote hii. Ni kweli, na nimeiona kweli yake mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mtoto wa mkulima wa Newala mwenye Division One anapita mlangoni akiwa kichwa juu kwa sababu cheti chake hakijui baba wa mtu. Nisingependa hata siku moja kuuondoa mlango ule. Nilichokuwa nakililia ni kuangalia mtihani wa mwisho aliofanya mtu, si wa kwanza tu. Binti yule alikuwa na alama. GPA ya 4.1 ni alama, NBAA ni alama. Sisi tulikuwa tumechagua kuiamini ile moja ambayo serikali yenyewe iliisahihisha.

Mzee alikubali nusu. Wote waliofanya kidato cha nne mwaka 2012, wenye GPA ya kutosha chuoni, watolewe kwenye boksi la HAPANA waitwe kwenye mtihani wetu wa ndani, hata kama kidato cha nne na cha sita hawakufikia. Wa miaka mingine, hapana. Hakueleza zaidi, akaondoka.

Tulikaa sakafuni mimi na dada, viatu pembeni, tukafungua upya bahasha tulizozifunga asubuhi. Tulipata ishirini na tatu. Ilipofika saa kumi na mbili jioni vidole vyangu vilikuwa vimekatwakatwa na kingo za karatasi. Dada ndiye aliyeandika jina la binti wa Mbagala kwenye orodha, kwa mkono wake, la kwanza.

Nisifiche mwisho wake: kazi hakuipata. Alifanya mtihani, akaingia kwenye usaili, akawa wa nane. Nafasi zilikuwa sita. Aliwekwa akiba, na hakuna aliyejitoa. Walioajiriwa walikuwa vijana wazuri, nimefanya nao kazi, sina neno nao. Lakini miaka iliyofuata, kila nilipopewa nafasi ya kukaa kwenye usaili, nilimuuliza mwombaji kama kuna hesabu yoyote anayoifunga kila siku, hata ya genge la nyanya. Wengine walishangaa. Wengine walianza kuzungumza hawakunyamaza.

Jioni ile nilipanda mwendokasi pale Posta ya Zamani kwenda Kimara. Gari lilijaa, nikasimama nimeshika bomba. Tulipopita Magomeni nilimpigia mdogo wangu. Sijui nilitaka kumwambia nini. Labda nilitaka tu kusikia sauti yake. Nilimsalimia, nikamuuliza habari za kazi, kisha likanitoka:

"Hivi namba yako ya mtihani, ile ya kidato cha nne, unaikumbuka?"

Aliitaja yote, herufi na tarakimu, bila kusita hata sekunde moja. Kisha akanyamaza kidogo.

"Kwani vipi, dada?" aliuliza. "Wamebadilisha tena?"