Kwenye meza ya magazeti, Mwenge
Jana nimepita kwa muuza magazeti Mwenge, Dar es Salaam. Watu wamejaa wanasoma vichwa vya habari, mikono nyuma, wanabishana kidogo, wanaondoka bila kununua. Mzee akaniambia, "Mwanangu, siku hizi wanamalizia kwenye simu." Ni kweli, na hilo linayaumiza magazeti dunia nzima.

Ila sisi Tanzania tuna maumivu mengine. Mwaka 2017 magazeti ya MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa na serikali. Mwaka 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Februari 2022 leseni zikarudishwa, na nilifurahi kwa dhati. Lakini gazeti likikaa nje miaka yote hiyo, wasomaji wameshazoea kwingine, matangazo hayapo, waandishi wametawanyika kutafuta riziki. Leseni peke yake hailipi mtambo wa kuchapa.

Na kuna ambacho hakijarudishwa kabisa. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti, mkoani Pwani, Novemba 2017. Alikuwa anaripoti mauaji ya huko wakati wengi tunaogopa hata kuyataja. Ana mke, ana watoto. Naomba tuendelee kuuliza, kwa jina lake kamili: Azory Gwanda yuko wapi?