Kanuni za ukutani zilinishinda, mwiko ukaniokoa

Siku moja nilimwona mtoto akimsukuma mwenzake kwenye foleni huku akiimba, "Subiri zamu yako, subiri zamu yako." Wimbo huo nilimfundisha mimi.

Nilikuwa na darasa la watoto wa miaka 8 na 9 wasiosikilizana kabisa. Mmoja akiongea, kumi wanadakia. Akikosea, kicheko. Walimu wenzangu walikuwa na ushauri wa aina mbili: "Wapige mkwara" na "Watakua tu, wataacha." Mwingine akaniletea ile ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeisikia mpaka nimeichoka, maana anayeisema haongezi unamleaje.

Nikajiona fundi kuliko wote. Nikaandika kanuni saba kwa kalamu za rangi, nikazibandika ukutani, nikazitungia wimbo. Nikapongezwa. Baada ya wiki mbili kila mtoto alizijua kwa kichwa, na ngumi ziliendelea kama kawaida. Nilikuwa nimewafundisha shairi tu.

Nikaanza upya na kipande cha chaki. Mwenye chaki ndiye msemaji. Hilo walimu wengi wanalifanya. Ujanja wangu ulikuwa kwenye kuipokea: ukiitaka, kwanza useme alichosema aliyekutangulia, mpaka yeye mwenyewe aitikie kwa kichwa. Kulikuwa na mmoja ambaye mdomo wake haukujua likizo. Akanyoosha mkono, akasimama, kimya. Hakuwa amesikia hata neno. Akakaa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikamwona amemkodolea mwenzake macho kama golikipa anayengoja penalti. Akaipata chaki! Halafu akasahau alichotaka kusema mwenyewe.

Baadaye nikaazima mbinu ya Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na uhasama ukajaa madarasani. Somo unalikata vipande, kila mtoto katika kundi la watano au sita anapewa chake, na wenzake hawana pengine pa kukipata. Kwenye kundi moja, kipande kizito kilimwangukia mwenye kigugumizi. Wakamkatiza, wakamcheka, wakafeli jaribio. Wiki iliyofuata walimngoja amalize, kisha mmoja akamuuliza taratibu, "Ulisema mizizi inafanya nini?" Nikageukia ubao, nikawa nafuta maandishi yaliyokwisha kufutika.

Jambo moja: usimlazimishe mtoto kuomba radhi akiwa bado anahema kwa hasira. Atasema "samahani" kwa sauti ya kutukana. Mazoezi ni siku ya amani. Na ukimsifu, taja alichofanya: "Umemsubiri amalize." Hongera tupu haimwambii arudie nini.

Wazazi niliwaomba watumie maneno yaleyale tuliyotumia darasani, kwa sababu mtoto anaweza kuwa malaika shuleni na simba nyumbani. Nyumbani kwangu, mahali pa chaki tukatumia mwiko wa jikoni, na hapo ndipo nilipoumbuka. Siku ya tatu mwanangu ananieleza ugomvi wake na rafiki yake, simu ikaita ujumbe, nikausoma huku nikisema "enhe, enhe." Akanyamaza. Akaunyanyua mwiko.

"Baba, nimesema nini?"

Mwaka 1961, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga sesere kubwa la kujaza hewa. Wengi waliomwona walimwiga, mapigo kwa maneno. Hayo niliyasoma chuoni, nikayajibia mtihani, nikafaulu vizuri tu. Na mwanangu je? Yeye naye ana "enhe, enhe" yake anapotumwa dukani, ya kwangu tupu.

Siku hizi simu inalala chumbani mpaka mwiko urudi jikoni.